Sauti ya Pili ya Anatolia

Mzee Kamugisha wa Ijumbi, huko Muleba, alikuwa na neno lake moja alilolipenda kuliko hata chakula: "Nilikwambia." Mgomba ukiangushwa na upepo, alikwambia. Padri akichelewa kufika kigangoni, alikwambia. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mwenye miaka sabini na miwili ya kujua kila kitu, halafu umfichulie redioni, mbele ya jirani zake, kwamba jambo kubwa kuliko yote katika nyumba yake yeye hakuwa na habari nalo. Lo! Mimi nisingependa kuwa redio hiyo.

Tena redio yenyewe ilikuwa mdomoni mwa binti yake. Alistidia anakaa Bakoba, pale Bukoba mjini, na kila Jumamosi saa kumi jioni anaendesha kipindi kinachoitwa Sauti Tupu. Kazi ya kipindi ni moja tu, kuwapendekezea watu rekodi nzuri za uimbaji usio na ngoma, usio na gitaa, usio na kinanda. Koo la mwanadamu, basi. Wengi walisema kitakufa baada ya wiki mbili, maana nani atakaa kusikiliza watu wasio na hata kayamba? Lakini Alistidia ana ulimi, na hampi mtu wimbo bila kumwonyesha pa kuushika. Alipiga rekodi ya wachimba migodi wa Afrika Kusini akasema, msisikilize wimbo, sikilizeni miguu inavyokanyaga kwa kuibia. Alipiga ya wanawake wa milimani huko Bulgaria, sauti kali zinazogusana bila kugombana. Alipiga ya wavuvi wa ziwani kwetu wakivuta nyavu, na ya watoto wa madrasa wakisoma kaswida bila dufu, ambayo Mustapha, muuza viatu wa hapo Bakoba, alimletea mwenyewe kwenye flash akijisifu kwamba mwanawe ndiye wa kwanza kusikika.

Mzee Kamugisha hakukosa hata kipindi kimoja. Alikuwa na maoni juu ya kila rekodi, kwani lini alikosa maoni? Wamonaki wa Ulaya wanaovuta neno moja mpaka ndizi zinapoa sahanini, hao aliwapenda kwa sababu ni Wakatoliki wenzake. Vijana wa Marekani wanaoiga ngoma na tarumbeta kwa midomo aliwashangaa sana.

"Kama wanajua ngoma inavyolia, si wanunue ngoma?" alimwambia jirani yake, Rugaibula.

Rugaibula alikuwa Mlutheri, na huo ndio uliokuwa utani wao wa miaka yote. Mmoja akipiga chafya, mwingine alisema ni dhehebu lake linamtoka.

Lakini kila kipindi kilipoisha mzee alinuna. Alikuwa anajua kwamba ndani ya simu ya Alistidia imo rekodi ya marehemu mama yake, Anatolia, ameketi jikoni Ijumbi anamenya ndizi huku anaimba. Miezi minane ya kipindi, na Anatolia hajapigwa hata mara moja. Mzee akampigia simu binti yake.

"Umepiga za Wabulgaria. Umepiga za Wamarekani. Mama yako amekukosea nini?"

"Tata, ile ni ya nyumbani."

"Kwani Wabulgaria hawana nyumbani?"

Alistidia alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Akasema atafikiria. Wiki ikapita. Mzee akapiga tena, na tena. Akaanza kuona kwamba binti amesoma, amekuwa mtu wa mjini, na sasa anaona aibu na kisu cha mama yake na ndizi za mama yake. Jambo hilo lilimuuma, akalisema wazi wazi kwenye simu, na Alistidia akalia.

Na wimbo wenyewe haukuwa wimbo wa kumtoa mtu machozi. Anatolia hakuwahi kuutia maneno. Alikuwa anauimba midomo imefungwa, shambani, jikoni, kisimani, wimbo usiokwenda mbali. Unapanda hatua moja, unashuka mbili, halafu unakaa palepale muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Kamugisha alimuuliza ni wimbo gani huo. Anatolia aliinua macho kutoka kwenye maharage akamjibu, "Ni wimbo wa kibanja chako."

Basi! Mwanamume akiambiwa hivyo na mke kijana, atauliza nini tena? Kamugisha akaenda akitangaza kijiji kizima kwamba mke wake amemtungia wimbo yeye na migomba yake. Naye akaushika. Akiwa anakata majani makavu ya migomba alikuwa anaunguruma wimbo huohuo, akisimama palepale alipokuwa anasimama Anatolia. Siku ya kumzika aliwaambia waombolezaji kwamba wanaume wengine wameachiwa watoto na mashamba, ila yeye ameachiwa na wimbo juu.

Mwishowe Alistidia akakubali. Mwaka wa pili wa kifo cha mama yake uliangukia Jumamosi, akasema ataipiga siku hiyo. "Lakini, Tata, nakuomba jambo moja. Usikilize peke yako."

Nani? Kamugisha? Jumamosi saa tisa na nusu uwanja wake ulikuwa umejaa. Wanajumuiya walikuwa wamekalia mikeka, Rugaibula amepewa kiti cha kuegemea, na redio imewekwa juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa kana kwamba inasubiri kubarikiwa.

"Leo napendekeza rekodi ambayo hamtaipata popote," Alistidia alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Mwimbaji ni mmoja. Ni mama yangu. Sikilizeni kisu chake. Anamenya, anaimba, na kisu hakikosei mapigo hata mara moja."

Halafu Anatolia akawa pale uwanjani. Kisu kinakwaruza, ganda linaanguka kwenye beseni, na ile sauti yake nzito kidogo, yenye upole, inapanda hatua moja na kushuka mbili. Dakika mbili na nusu. Kamugisha hakujaribu hata kujifuta uso, aliyaacha machozi yashuke watu wayaone. Rugaibula alivua kofia. Wakati rekodi inaisha mzee alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu amzike, na alifungua mdomo kusema neno lake alipendalo, "Nilikwambia," lakini simu za wasikilizaji zikawa zimeanza.

"Naitwa mwalimu Rwegasira, napiga kutoka Nshambya," ilisema sauti ya mzee, taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Nimefundisha kwaya yetu ya Kilutheri miaka thelathini, sasa nimestaafu. Rekodi yako ni nzuri sana, binti yangu. Ila huo si wimbo wa kujitungia. Hiyo ni sauti ya pili."

Alistidia alianza kumshukuru kwa simu yake.

"Sauti ya pili ya utenzi wetu wa kufungia ibada ya jioni," mwalimu akaendelea. "Nota kwa nota, hata pale pa kushikilia. Ukiisikia peke yake huwezi kuijua, maana wimbo wenyewe unabebwa na sauti ya kwanza. Na huyo mama namfahamu. Ni Anatolia. Alikuwa anasimama mstari wa pili katika kwaya yetu kabla hajaolewa Muleba. Bwana ampumzishe. Hakupoteza hata..."

Muziki wa tangazo ukamkata.

Uwanjani hakuna aliyemtazama Kamugisha. Walitazama mikeka. Ni Rugaibula aliyeshindwa kujizuia, na mimi simlaumu, maana alikuwa amengoja miaka arobaini na moja.

"Kamugisha!" alisema huku mabega yanatikisika. "Waitu, miaka yote hii unahudumia migomba kwa utenzi wa Kilutheri! Karibu Jumapili, nafasi ipo!"

Wakaangua kicheko, hata wanajumuiya, hata mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anashika rozari. Kamugisha aliinuka, akaigeuza redio, akatoa betri moja moja akazitia mfukoni. Watu wakaelewa, wakakunja mikeka yao.

Hawakujua yote. Hawakujua kilichomuuma. Mwaka ule anamwoa Anatolia, Kamugisha alikuwa katekista kijana, moto wa kuni mbichi, moshi mwingi. Msichana alikuwa ametoka nyumba ya Kilutheri, amekubali kufundishwa, amepokelewa Kanisani, kila kitu kimekamilika. Padri aliridhika. Kamugisha hakuridhika. Alimsimamisha Anatolia mbele ya mama wa Kamugisha, hapohapo nyumbani, akamwapisha kwamba wimbo wa Kilutheri hautaimbwa juu ya ardhi ile maadamu yeye Kamugisha yu hai. Anatolia aliapa. Alikuwa na miaka ishirini.

Kumbe aliapa na kuufungasha wimbo humohumo ndani ya kiapo.

Mzee alikwenda mpaka kaburini, nyuma ya nyumba kwenye migomba. "Ulinidanganya," alisema. "Juu ya ardhi yangu, na mimi nikikusikia." Alikuwa na hasira, alikuwa na aibu, na chini ya hayo yote alikuwa na wivu ambao hakuujua ni wa nini. Jumapili alikwenda kusali, na padri aliposema nendeni na amani, yeye alitoka bila kumsalimia mtu. Chakula alichopikiwa na mke wa mpwa wake kililala mezani.

Jumatatu asubuhi alipanda basi la Bukoba, akashuka Nshambya. Hakupata shida kuulizia, mwalimu Rwegasira anajulikana na kila mtu. Alikuwa mwembamba, amekaa barazani na kitabu cha nyimbo mapajani kilichofungwa kwa gundi na uvumilivu. Alipoambiwa jina la mgeni alisimama kwa heshima na kumletea buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyopokewa. Kamugisha alikitazama kikapu, akakisogeza pembeni. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo. Rwegasira alikaa.

"Ulikuwa na nini na mke wangu?"

"Nilikuwa naye kwenye kwaya, mzee mwenzangu. Mimi sauti ya tatu, yeye ya pili. Nilisimama nyuma yake. Zaidi ya hapo hapana, na mke wangu yuko jikoni, muulize."

"Basi umekosea wimbo. Masikio yamechoka."

"Inawezekana," Rwegasira alisema bila ugomvi. "Wewe unaujua ule wa marehemu?"

"Niujue? Nimeuimba miaka arobaini na moja! Huo wa kwenu ni mwingine kabisa. Sikiliza." Na Kamugisha, ili kumwaibisha, akakaa sawasawa kitini akaanza kuunguruma. Hatua moja juu, mbili chini. Alikuwa na sauti nzuri, hilo sitamnyima.

Rwegasira alimngoja mpaka mstari wa kwanza ukaisha. Uliporudi mwanzo, naye akaingia, taratibu, na wimbo mwingine ambao ulipanda juu zaidi, ukazunguka, ukashuka. Kamugisha aliendelea kwa ubishi. Akatamani zigongane. Hazikugongana. Kila alipotulia palepale, mwenzake alitembea, na kila alipotembea, mwenzake alimsubiri. Pale pa kushikilia, ambapo miaka yote aliona Anatolia anapumzika tu, sauti ya mwalimu ilikuwa inapita juu ikifanya kazi yote. Kilikuwa kitu kimoja kilichokatwa vipande, na kipande chake kilikuwa hakina kichwa wala mkia.

Kamugisha akaacha katikati.

"Unaona," mwalimu alisema, na sasa alikuwa anamwonea huruma, jambo ambalo Kamugisha hakulistahimili. "Sauti ya pili ni ngumu. Haina utamu wake yenyewe. Huwezi kuiimba peke yako usipotee, labda uwe unawasikia wenzako kichwani. Anatolia aliishika miaka yote hiyo bila kupotea hata nota moja. Nilipomsikia Jumamosi nilijua alikuwa anatusikia."

"Anawasikia."

"Sauti zote tatu zilizobaki. Vinginevyo angeyumba."

Kamugisha alichukua fimbo yake. Hakuaga. Njiani kuelekea Bakoba alikuwa anahesabu masika na vuli, maharage yaliyopandwa na kuvunwa, na katika kila msimu alimwona Anatolia ameinama shambani kwake, mwili uko Ijumbi, masikio yako Nshambya, amesimama mstari wa pili na watu wengine. Yeye alikuwa wapi? Alikuwa hatua tano pembeni na panga mkononi, akijisifu. Mke wa mtu anaweza kutoroka na mwanamume, watu wakakupa pole. Huyu alitoroka na kwaya nzima na bado chakula kilikuwa mezani saa saba kamili. Nani angempa pole kwa hilo?

Ila alikuwa amebakiza jambo moja, na jambo hilo ndilo lililomfanya aendelee kutembea. Alikuwa na binti yake. Alistidia alikuwa na redio, na mtu mwenye redio akisema mwalimu amekosea, basi mwalimu amekosea. Watu wa Ijumbi wataamini, Rugaibula atafunga mdomo wake, na yeye Kamugisha atarudishiwa wimbo wake. Hakutaka zaidi ya hapo.

Alistidia alikuwa amerudi nyumbani mchana. Binti zake wawili, Renatha wa miaka tisa na mdogo wake, walikuwa likizo, wanaosha vyombo. Walimwamkia babu, akawapa mkono bila kuwatazama. Hakukaa mpaka amesema alichokuja nacho.

"Jumamosi utatangaza kwamba yule mwalimu amekosea. Useme amezeeka. Useme wimbo ni wa mama yako, alinitungia mimi mwaka alioolewa, na ushahidi ni mimi."

"Tata, kaa kwanza."

"Nitakaa ukisema ndiyo."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Wewe unajua nini kuhusu tenzi za Walutheri? Umebatizwa Ijumbi, umepata Komunyo Ijumbi!"

Alistidia aliketi yeye. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na alikuwa anakunja pindo la kitenge chake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Siwezi kwa sababu hakukosea," alisema. "Na mimi nilijua."

Mzee alimtazama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu. Mama alinifundisha sauti ya kwanza. Alisema peke yake anachoka."

"Ndani ya nyumba yangu?"

"Bila maneno, Tata. Maneno hakutufundisha hata siku moja, hata leo siyajui. Alisema aliapa kuhusu wimbo, na wimbo bila maneno ni sauti tu, ila maneno angeyatamka angekuwa amevunja kiapo. Tulikuwa tunafunga midomo."

"Tulikuwa. Wewe na nani?"

Alistidia alichelewa kujibu, na katika kuchelewa huko mzee alijua, kabla hajaambiwa. Alikaa sasa. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kiti cha watoto, magoti yakapanda juu.

"Avit aliimba ya tatu," Alistidia alisema. "Na Mwesiga alipobalehe, sauti ikawa nzito, akachukua ya nne. Kabla ya hapo tulikuwa hatuna ya nne."

"Wanangu wote."

"Jumanne na Alhamisi. Ulipokuwa unakwenda kufundisha watoto wa Kipaimara."

Miaka kumi na saba alifundisha Kipaimara. Kamugisha alikuwa anarudi jioni, kitabu kwapani, amechoka lakini ameridhika. Alipofika kwenye mibuni ya mwisho alikuwa anakohoa, kama mwenye nyumba anavyopaswa kukohoa ili watu wake wajue anafika. Na nyumba ilikuwa kimya. Alikuta Anatolia anachochea moto, watoto wameinamia madaftari, hakuna anayepayuka, hakuna anayekimbia. Mara ngapi aliwaeleza wanaume wenzake? Nyumba zenu ni soko, aliwaambia. Njooni kwangu mwone. Nikikohoa tu, hata kuku wanajua baba amefika. Alikuwa anaiita heshima. Aliwashauri vijana wanaooa waanze mapema, ili wapate kimya kama kile.

"Nilipokohoa," alisema.

"Mama alikuwa anainua kidole," Alistidia alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Tunanyamaza. Tata, hatukuwa tunakucheka. Sikutaka kuipiga ile rekodi, wewe ndiye uliyenisukuma. Nilifikiri, ni sauti ya pili tu, nani ataijua? Nilitaka ufurahi."

Kamugisha hakumsikia vizuri. Alikuwa anajaribu kuisikia nyumba yake. Alijaribu kuisikia ilivyokuwa dakika moja kabla hajafika kwenye mibuni, sauti nne zimeshikana, mke wake katikati, wala hahitaji tena kuwasikia wa Nshambya maana amewazaa wa kwake. Hakuweza. Miaka kumi na saba hakuwahi kuwa mahali pale. Wote walikuwa wanaishi humo isipokuwa yeye, na yeye ndiye aliyejenga.

"Hawa nao wanaujua?" aliuliza, akiwaonyesha wajukuu.

Alistidia alitikisa kichwa kukubali.

"Imbeni," mzee alisema.

Watoto walimtazama mama yao. Alistidia alijifuta uso, akasogea, akawaweka mkono begani mmoja huku na mmoja huku, akavuta pumzi. Ilitoka nota moja, nyembamba, ikatetemeka, ikakatika. Akajaribu tena. Renatha alikuwa amefunga midomo kwa nguvu mpaka imebadilika rangi, macho yake yako kwa babu, na hakuna kilichotoka.

"Haitoki, Tata. Nisamehe. Ukiwa umekaa hapo haitoki."

"Sikasiriki," alisema. Ilikuwa kweli, na ilimshangaza. Hasira ingekuwa nafuu. "Basi mimi natoka nje. Nyie imbeni."

Akachukua kofia na fimbo, akatoka, akauvuta mlango mwenyewe mpaka ukashika. Alisimama chini ya upenu, kando ya tangi la maji. Kifua kilimwasha, akachomoa leso akaibana mdomoni asikohoe. Alingoja. Ndani kulikuwa na mlio wa sahani moja, halafu hata sahani ikaacha. Walijua yuko pale.

Akasogea mpaka kwenye ua. Akangoja tena. Akaona pazia linachezacheza, akaelewa kwamba wanamchungulia waone amefika wapi. Basi akatoka kabisa, akavuka barabara, akaenda kusimama mbele ya mashine ya kusaga, mahali ambapo bodaboda wanapita na husikii hata jina lako ukiitwa. Ndipo akageuka.

Kutoka pale aliweza kuona dirisha. Pazia lilikuwa limefunguliwa. Alistidia alikuwa amesimama na binti zake mabega yamegusana, wote watatu wametulia, midomo imefungwa. Mzee Kamugisha alivua kofia. Alikaza macho, akatafuta kwenye vifua vyao, kwenye shingo zao, dalili yoyote, mashine inanguruma nyuma yake, na kutoka pale hakuweza kujua kama wameanza.